Rejea kumi, mpokezi mmoja: Somo kwa vijana wetu wa vyuoni

Kila unapofika msimu wa vijana wa vyuo kuandika tasnifu zao, hapa Mwanza sisi walimu hupata wageni wengi. Kuna wanaokuja kuomba dua, kuna wanaotaka kusahihishiwa lugha, na wapo wachache wanaokuja na swali ambalo ndilo lilistahili kuwa la kwanza: habari hii niliyoiandika nimeitoa wapi, na huyo aliyenipa, naye kaitoa wapi?

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, si mtaalamu wa samaki wala wa takwimu. Lakini swali hilo la mwisho ndilo walilokesha nalo maulamaa wa Hadithi kwa karne nyingi. Aya ya sita ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuichunguza khabari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Sasa inakuwaje kijana aliyekaa madrasa, anayejua tofauti ya Hadithi sahihi na dhaifu, akiingia chuoni aiache elimu hiyo nje kama anavyoacha viatu mlangoni mwa msikiti?

Tuchukue mfano wa karibu, sangara. Vijana wengi wa Kanda ya Ziwa hupenda kuandika juu yake, na wana haki, kwani ni nyumba chache kuanzia Kirumba hadi Nyegezi ambazo hazijaguswa na samaki huyu, iwe kwa kumvua, kumuuza, kumkaanga au kufanya kazi kiwandani. Tasnifu ya namna hiyo haina budi ieleze mwanzoni sangara aliingia lini, maana hakuwa samaki wa ziwa hili. Kijana mmoja alinionesha ukurasa wake ulioandikwa kwamba aliingia mwaka 1962, na mwisho wa sentensi kapanga rejea kumi. Alijivunia wingi wake. Nikamwomba tuzifungue moja baada ya nyingine. Ya kwanza haikutaja chanzo chochote. Ya pili ilikuwa na maneno yale yale ya ya kwanza, hata makosa ya herufi hayakubadilika. Ya tatu iliitaja ya pili. Tulipomaliza zote kumi, tukakuta zimetoka kwenye tumbo moja, na huyo mama mwenyewe hakusema kaambiwa na nani.

Wanafunzi wa Hadithi wanalijua jambo hili vizuri. Ile Hadithi mashuhuri ya nia, ambayo Imam Bukhari ameifungulia kitabu chake, leo inajulikana na kila mtoto wa madrasa. Lakini ukiufuata mnyororo wake kurudi nyuma, unakuta watu wengi sana wameipokea kwa Yahya bin Said al-Ansari, naye ameipokea kwa Muhammad bin Ibrahim at-Taymi, naye kwa Alqama bin Waqqas, naye kwa Umar bin Khattab (R.A.), aliyeisikia kwa Mtume (S.A.W.). Katika tabaka zile za mwanzo ni mtu mmoja mmoja. Maulamaa hawakudanganywa na wingi wa waliokuja baada ya Yahya wakasema, "Tazama, wapokezi ni wengi!" Waliwahesabu pale penye uchache, kisha wakamkagua kila mmoja wao: alikuwa nani, alikuwa mkweli, alihifadhi vizuri, alikutana kweli na huyo anayesema amemsikia? Wakaikubali Hadithi ile kuwa sahihi kwa sababu ya ubora wa wale wanne. Wingi uliofuata baadaye haukuongeza wala kupunguza kitu katika hukumu hiyo.

Basi rejea kumi zilizonakiliana ni rejea moja. Na kama hiyo moja haina isnadi, kijana hana kitu mkononi, ingawa ukurasa wake umejaa mabano.

Turudi kwenye sangara, maana mwaka wake una mafunzo zaidi. Ukitafuta vizuri utakuta maandishi mengine yanasema 1954, mengine 1960, mengine 1962. Mwanafunzi mvivu atachagua mmoja unaompendeza. Mwanafunzi mwerevu atauliza kila mwandishi anajibu swali gani. Mwaka 2005 mtafiti Robert Pringle alichapisha katika jarida la BioScience makala inayohusu asili ya sangara katika Ziwa Victoria. Alirudi kwenye nyaraka za wakati wa ukoloni na kumbukumbu za waliokuwepo, akaonesha kwamba sangara alitiwa ziwani upande wa Uganda kimya kimya mwaka 1954, wakati wakubwa bado wanabishana kama jambo hilo lifanywe au la. Mwaka 1960 ndipo alipoonekana katika nyavu za wavuvi, na upandikizaji wa rasmi ukafuata mwaka 1962 na 1963. Kwa hiyo aliyeandika 1962 hakusema uongo, ila alikuwa anaeleza serikali ilifanya lini jambo ambalo tayari lilikuwa limekwisha fanyika. Na mzee wa Kirumba atakayekwambia kwamba sangara "alikuja" miaka ya themanini naye hakosei, kwa kuwa ni katika miaka hiyo ndipo alipojaa katika Ghuba ya Mwanza. Kila mmoja amesema alilolijua, na kazi ya mtafiti ni kumweka kila mmoja mahali pake.

Kuna ugonjwa mwingine ambao naona umeenea zaidi kuliko huo wa kunakili, na kwa masikitiko hata baadhi ya wasimamizi wanauona ni jambo dogo. Mwanafunzi anaandika "Graham (1929)" kana kwamba alikaa na ripoti ya Michael Graham akaisoma. Graham ndiye aliyefanya uchunguzi mkubwa wa kwanza wa uvuvi katika ziwa hili, akashauri nyavu za ngege zisiwe na macho madogo kuliko inchi tano, na akaonya juu ya hatari ya kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka nje bila utafiti wa kutosha. Ni maneno yenye uzito mkubwa ukikumbuka yaliyotokea baadaye. Lakini ukimuuliza kijana ripoti hiyo aliiona wapi, anajibu kwamba aliikuta imetajwa ndani ya makala nyingine. Kwa nini basi hakuitaja hiyo makala nyingine?

Maulamaa wa Hadithi wana jina la kitendo hiki, wanakiita tadlisi. Ni pale mpokezi anapomruka aliyemsimulia na kusema "kutoka kwa fulani" kwa namna ya kumfanya msikilizaji adhani amemsikia mwenyewe. Mudallisi huenda akawa mtu mkweli kabisa na habari yake ikawa ya kweli. Pamoja na hayo walimfuatilia kwa ukali, hata wapo ambao Hadithi zao hazikupokelewa mpaka waseme waziwazi "nimesikia". Tiba yake kwa mwanafunzi wa leo ni nyepesi mno: andika "Graham, kama alivyonukuliwa na fulani", kisha umtaje huyo fulani na ukurasa. Hutapoteza alama. Utakachopoteza ni fahari ya kuonekana umesoma kitabu cha 1929, na fahari hiyo haikuwa yako.

Sasa tuje kwa wapokezi wenyewe na maslahi yao. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa Mwanza. Ilishinda tuzo Ulaya, ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2006, na kwa mamilioni ya watu walioko nje hiyo ndiyo Mwanza wanayoijua. Ilionesha marubani wa kigeni wanaobeba minofu, watoto wa mitaani, mapanki yenye funza, na ikaacha hisia kwamba ndege zinazokuja kuchukua minofu huleta silaha. Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006 na watu wakaandamana hapa mjini. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon akaandika kuishambulia, wakafikishana mahakamani, na mwaka 2008 mtengeneza filamu akashinda kesi ya kashfa.

Nimeona tasnifu zinazoichukua filamu hii kama ushahidi uliokamilika, na nimeona nyingine zinazoifuta kwa sentensi moja kwamba "ni propaganda za wazungu". Zote mbili zimekwepa kazi. Ukiitazama kwa jicho la mkaguzi, utauliza: ni kipi hasa kilichooneshwa, na ni kipi kilichodokezwa? Kilichooneshwa ni rubani anayesimulia kwa kinywa chake kwamba aliwahi kupeleka shehena ya kivita Angola. Huo ni ushahidi wa mtu mmoja juu ya safari zake mwenyewe, nao una uzito wake. Masanduku ya silaha yakishushwa uwanja wa ndege wa Mwanza hayamo katika picha. Kuhusu mapanki, wakosoaji walisema yale yaliyooneshwa yalikuwa ya kwenda kuwa chakula cha kuku. Hapo mwanafunzi wa Mwanza ana fursa ambayo mwandishi wa Paris hana, anaweza kupanda daladala akawaulize wale waliokuwa wakikausha na kukaanga mapanki miaka ile. Na tamko la serikali nalo ni dai, limetoka kwa upande uliokuwa na biashara ya kulinda. Samaki wa ziwa hili walikuwa wamekwisha pigwa marufuku katika soko la Ulaya zaidi ya mara moja mwishoni mwa miaka ya tisini, na kila kiongozi alijua picha mbaya moja inagharimu kiasi gani.

Kuwa na maslahi hakumfanyi mtu kuwa mwongo. Wataalamu wa jarh na taadil waliandika udhaifu na ubora wa kila mpokezi, lakini hawakumtupa mtu kwa kuwa tu ni wa kundi lingine. Imran bin Hittan alikuwa Khawariji, tena mshairi wao aliyejulikana, na bado Bukhari amepokea kwake. Nalitaja hili kwa sababu naona vijana wetu wa Kiislamu wanakosa hazina kubwa kwa ajili ya kuchagua vyanzo kwa majina.

Mtu akitaka kuandika historia ya Waislamu katika mwambao huu wa kusini mwa ziwa, ataanzia wapi? Mwaka 1875 Henry Stanley alifika Kageye, ambayo leo iko wilaya ya Magu, akamkuta hapo mfanyabiashara aitwaye Songoro ambaye alikuwa akijenga jahazi huko Ukerewe. Desemba 1877 Songoro huyo aliuawa Ukerewe pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill. Hatuyajui haya kwa sababu Songoro aliacha daftari. Tunayajua kwa maandishi ya Stanley na barua za wamisionari wa CMS. Stanley alikuwa mtu wa kujikweza, na anapohesabu maadui aliowashinda msomaji ashike kalamu nyekundu. Lakini anapotaja tu kwa kupita kwamba mahali fulani palikuwa na nyumba ya mtu fulani na jahazi linaloundwa, alikuwa na faida gani ya kuzua? Mambo yanayotajwa kwa kupita namna hii mara nyingi ni salama kuliko yale mwandishi aliyokaa akayapamba. Kijana atakayekataa kumsoma Stanley na wamisionari kwa kuwa ni makafiri atabaki na ukurasa mweupe, kisha mwenzake asiye Mwislamu ndiye atakayetuandikia historia yetu.

Hayo yalikuwa mepesi. Zito ni hili la habari tunayoipenda.

Ni mara ngapi, ndugu msomaji, umesikia katika mihadhara na kusoma katika vijarida vyetu kwamba Waislamu wa nchi hii ni asilimia kadhaa? Na ni mara ngapi ulitajiwa namba hiyo ilikotoka? Sensa iliyouliza dini kwa mara ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1967. Zilizofuata, za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, hazikuuliza, na sote tunakumbuka mvutano uliokuwepo mwaka 2012 juu ya jambo hilo. Kwa miaka mingi rejea iliyopendwa na wengi ilikuwa kile kitabu cha takwimu za nchi za dunia kilichokuwa kikitolewa na CIA ya Marekani. Kiliandika kwamba Tanzania Bara ina Wakristo asilimia 30, Waislamu 35 na wenye dini za jadi 35. Namba hizo zikanakiliwa huku na huku mpaka zikawa kama jambo linalojulikana kwa dharura. Kisha matoleo ya miaka ya karibuni yakaja na sura nyingine kabisa: Wakristo zaidi ya asilimia 60, Waislamu kama 34, na wale wa dini za jadi karibu wametoweka.

Mwanafunzi aliyezoea kuuliza ataona hapa kitu cha ajabu. Theluthi nzima ya watu haihami dini kwa miaka michache bila mtu kuona. Kilichobadilika ni njia ya kukadiria. Makadirio mapya yanategemea tafiti za sampuli, ambazo huuliza maelfu kadhaa ya watu kisha zikakisia kwa wote, na matokeo yake hutegemea sana swali liliulizwaje na kaya zilichaguliwaje. Kwa hiyo anayeandika tasnifu kuhusu Waislamu na elimu, au Waislamu na ajira, akaweka "asilimia 35" au "asilimia 50" bila kusema ni ya mwaka gani, ya nani na imepatikana kwa njia gani, amejenga nyumba yake juu ya mchanga wa ufukweni.

Na hasara yake naijua kwa kuiona. Kijana anakuja na hoja ya haki, kwamba katika shule fulani au ofisi fulani watu wake ni wachache kuliko inavyostahili. Amekwenda, amehesabu majina, amefanya kazi ya kweli. Lakini katika ukurasa wa kwanza kaweka namba ya kijarida. Mtahini anauliza chanzo, kijana anashikwa na kigugumizi, na tangu hapo hata zile hesabu alizozifanya kwa jasho lake hakuna anayezisikiliza. Angeweza kuandika tu kwamba sensa haijauliza dini tangu 1967 na kwamba makadirio yaliyopo yanatofautiana, akayataja, kisha akaegemea kile alichokihesabu mwenyewe. Hoja yake ingesimama. Kumbuka kwamba waongo waliozua Hadithi hawakuwa maadui wa dini peke yao. Wapo waliozua kwa kuipenda, wakitaka watu wasome Qur'an zaidi na wafanye ibada zaidi, na maulamaa hawakuwasamehe kwa uzuri wa nia zao.

Siku hizi mzushi mwingine ameingia mjini, naye hana nia nzuri wala mbaya. Ni hizi programu za akili mnemba ambazo kijana anaziuliza kwenye simu na zinamjibu papo hapo. Ukiziomba rejea kuhusu dagaa wa Ukerewe, zinaweza kukupa jina la mwandishi, mwaka, jina la jarida na namba za kurasa, vyote vimepangwa kwa adabu. Ukienda kutafuta, pengine mwandishi yupo lakini hakuandika hicho, au jarida lipo lakini makala haipo. Hili nalo si geni kwetu, maana walikuwepo waliochukua maneno ya kuzua wakayavisha isnadi za watu waaminifu. Inasimuliwa kwamba watu wa Baghdad walimjaribu Bukhari kwa kumbadilishia isnadi za Hadithi mia moja, naye akairudisha kila moja mahali pake. (Na kwa kuwa tunazungumzia vyanzo, Ibn Adi aliyekipokea kisa hicho alisema amekisikia kwa masheikh kadhaa, hakuwataja majina, na kwa sababu hiyo wapo waliokisitasita.) Sisi hatuna hifadhi ya Bukhari, lakini tuna miguu na macho. Rejea ambayo hukuifungua mwenyewe usiiandike.

Kuhusu mahali pa kutafuta, kijana wa Mwanza hana sababu ya kulalamika. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa hapa, na tangu mwishoni mwa miaka ya sabini watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walifanya kazi Mwanza pamoja na Watanzania wakiandika jinsi furu walivyokuwa wakitoweka katika ghuba yetu. Maandishi yao yamesomwa dunia nzima, wakati mjini kwetu wapo wahitimu ambao hawajayasikia. Nyegezi kuna chuo cha uvuvi na kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino chenye maktaba. Maktaba ya mkoa ipo. Jinja, ng'ambo ya ziwa, ipo Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994, na ripoti zake hupatikana. Unakwenda na barua ya utambulisho ya chuo, unavaa nguo za heshima, unaomba kwa upole. Ukizungushwa siku ya kwanza, rudi ya pili.

Na wapo wazee. Huko mwaloni Kirumba, Igombe, na visiwani Ukerewe na Ukara, bado wapo watu waliovua ngege na ningu kabla sangara hajajaa. Usimwendee mzee na karatasi ya maswali ya ndiyo na hapana. Msalimie, kaa, mwache aanze anapotaka. Akikwambia jambo, muulize kama aliliona au alisimuliwa, na kama alisimuliwa ni nani aliyemsimulia. Akishindwa kutaja mwaka, usimtajie wewe, kwani ataitikia kwa heshima tu. Muulize ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada yake, kabla ya Azimio la Arusha au baada yake, MV Bukoba ilikuwa imekwisha zama au bado. Muulize yeye wakati huo alikuwa mtoto, kijana, au ana mke. Andika siku hiyo hiyo kabla hujalala, pamoja na tarehe, mahali na lugha mliyozungumza, kwa kuwa Kikerewe na Kisukuma vikigeuzwa Kiswahili kuna kinachobaki njiani. Muombe ruhusa ya kutaja jina lake. Akikataa, andika kwamba ni mvuvi wa mahali fulani mwenye umri wa kadiri fulani, useme wazi kuwa jina limehifadhiwa kwa ombi lake. Kwa watu wa Hadithi mpokezi asiyetajwa jina hupungukiwa uzito, na msimamizi wako akilisema hilo usimkasirikie. Tafuta mzee wa pili, wa kijiji kingine, ambaye hajakaa na yule wa kwanza.